Mama wa Pócs Ng'ambo ya Bahari

Watu wanapohama nchi ya wazee wao, je, mahali pao patakatifu paweza kuhama pamoja nao? Swali hili tulitazame kwa Wahungaria.

Mwaka 1676 mchoraji István Papp alichora picha ya Mama wa Mungu kwa kanisa dogo la kijiji cha Pócs. Tarehe 4 Novemba 1696 watu waliona machozi yakitiririka machoni pake, wakaendelea kuyaona hadi Desemba. Kaisari Leopold I akaamuru picha ipelekwe Vienna. Ikachukuliwa mwaka 1697, nayo ingali katika kanisa kuu la Mtakatifu Stefano hata leo. Wanakijiji walibaki na huzuni, kisha wakapewa nakala tu. Lakini mwaka 1715 nakala hiyo nayo ililia, na tena mwaka 1905. Ndiyo wanayoiendea mahujaji wa Máriapócs. Basi Wahungaria walikwisha kujifunza nyumbani kwao kwamba Mama hafungwi na ubao mmoja.

Mwaka 1886 jamaa kadhaa, wengi wao wachimba makaa wa Pennsylvania, walikwenda kulima katika mbuga za Kanada, zilizo leo mkoa wa Saskatchewan. Makao yao wakayaita Kaposvar, kwa jina la mji wa kwao. Baridi ya huko ni kali mno. Hata hivyo, mwaka 1906 na 1907 walijenga kanisa la mawe, mawe yale yale yaliyosumbua majembe yao, na baadaye pango la Bikira Maria kando yake. Padri wao kwa makumi ya miaka alikuwa Mbelgiji, Jules Pirot, aliyejifunza lugha yao. Sisi tuliofundishwa na Wabelgiji twaijua kazi hiyo ya kujifunza lugha ya wenyeji, na twaiheshimu. Kila Agosti watu walikuja kuhiji hapo.

Huko Ohio, Wahungaria wa Cleveland walipata parokia yao mwaka 1892, ile ya Mtakatifu Elizabeti. Kisha mwaka 1956, Wakatoliki wa mapokeo ya Kigiriki walianzisha mahali pa hija pa Mama wa Pócs huko Burton, mashambani. Mwaka huo huo, tarehe 4 Novemba, siku ile ile ya machozi ya kwanza, majeshi ya Kisovieti yalivamia Budapest, na watu wapatao 200,000 wakaikimbia nchi. Wale waliofika Ohio miaka iliyofuata walimkuta Mama wa Pócs amewatangulia.