Dhahabu Iliyojificha Ndani ya Kioo

Kikombe cha Lycurgus, kazi ya mafundi wa Dola ya Rumi wa karne ya 4, kina rangi mbili. Mwanga ukikipiga kwa nje huonekana kijani kizito, mithili ya jiwe. Taa ikiwekwa ndani yake, chote huwaka wekundu, na mfalme Lycurgus aliyechongwa ubavuni, amenaswa na matawi ya mzabibu, huonekana kama yumo motoni. Kikombe hicho kimo British Museum, London, tangu 1958.

Rangi hiyo haikupakwa. Imo ndani ya kioo chenyewe, katika chembe za fedha na dhahabu zenye upana wa nanomita 50 hadi 100, yaani karibu mara elfu moja chini ya unene wa unywele. Nuru inapozigusa, elektroni za metali hutikisika kwa pamoja; baadhi ya rangi za nuru humezwa, nyingine hutawanywa, zilizobaki hupita. Kwa hiyo ukubwa wa chembe huchangia kuamua rangi. Dhahabu ile ile, ya manjano kwenye pete, huwa nyekundu ikisagika kiasi hicho.

Mafundi waliijua kazi hii kwa mikono karne nyingi kabla ya yeyote kuieleza. Katika karne ya 14, madirisha ya makanisa ya Ulaya yalipata manjano yake kwa chumvi ya fedha iliyopakwa juu ya kioo na kuchomwa, fedha ikazama ndani. Wekundu wa madirisha hayo husemwa mara nyingi kuwa ni dhahabu. Kwa kawaida ni shaba.

Kioo chekundu cha dhahabu kilipata sifa kubwa mwishoni mwa karne ya 17 kwa mkemia Johann Kunckel, huko Potsdam, Ujerumani. Kazi yake ilidai subira. Dhahabu iliyoyeyushwa kwa asidi huchanganywa na kioo, lakini kioo kikitoka tanurini na kupoa haraka hakina rangi, ni cheupe kama maji. Kikirudishwa motoni kwa kiasi, chembe hukua na wekundu huchipuka mbele ya macho ya fundi. Moto ukizidi, chembe hunenepa na uzuri wote huharibika.

Mwaka 1857 mwanasayansi Michael Faraday alionyesha kwamba wekundu huo hutokana na dhahabu yenyewe iliyogawanyika mno. Mwaka 1908 mwanafizikia Gustav Mie akaueleza kwa hesabu. Chembe za kikombe cha Lycurgus zilisubiri darubini ya elektroni, na matokeo ya uchunguzi huo yalichapishwa mwaka 1990. Vipimo vilionyesha kwamba dhahabu iliyomo ni sawa na gramu 40 hivi katika tani nzima ya kioo, na fedha ni gramu 300 na kitu.