Sauti ya bibi, lumbesa, na historia ya ukubwa wa faili

Nimerudi kampasi jana jioni, Mbeya baridi ile ile, begi limejaa parachichi na ndizi kama ilivyo kawaida ya mtu anayetoka Tukuyu. Najua nilikuwa kimya wiki mbili, msininunie. Mvua ya Tukuyu mnaijua, ikianza haina adabu, na umeme nao ulikuwa unakuja na kuondoka utakavyo. Leo nawaletea historia kidogo, na historia yenyewe imeanzia sebuleni kwetu.

Nyumbani tuna video moja ambayo kwetu ni mali. Bibi mzaa mama tulimrekodi kwa simu mwaka 2022, nusu saa nzima, anasimulia kwa Kinyakyusa jinsi walivyokuwa wanatembea toka Masoko hadi Tukuyu mjini na mikungu ya ndizi kichwani, nani alimchumbia nani, nani alikimbia nani. Mwaka uliofuata akatutoka. Rekodi nyingine hatuna. Video ilikuwa kwenye laptopu ya zamani ya mjomba, ile inayojizima yenyewe, na mjomba kapata mteja. Akanipigia simu: "Mwanangu, njoo uchukue vitu vyenu, nataka kuifuta yote."

Nikaenda. Nikainakili video kwenye laptopu yangu ya Linux, nikamwekea na binamu yangu aliyekuja likizo na Mac yake, halafu nikaweka na kwenye flashi ya mama. Ndipo kasheshe ikaanza. Windows ya mjomba inasema faili lina gigabaiti 3.60. Mac ya binamu inasema 3.87. Linux yangu inasema 3.9. Tofauti kati ya mjomba na binamu ni zaidi ya megabaiti 260, yaani kama dakika mbili za bibi hivi. Binamu akasema ya kwake imenenepa. Mjomba akasema hapana, kuna sehemu ya mama yake imeliwa na mashine. Na mkono wake uko kwenye kipanya tayari, anasubiri tumwambie futa au usifute.

Wadau, mmewahi kupita Isongole pale mkitoka Mbeya kwenda Tukuyu, mkaona magunia ya viazi? Kuna gunia lililojazwa likashonwa mdomo, na kuna lumbesa, lile lililopandishiwa kilemba juu mpaka linakuwa kama lina mtoto mgongoni. Yote mawili yanaitwa "gunia moja". Sheria ya vipimo inaikataza lumbesa, lakini mkulima anajua mwenyewe imemla kiasi gani. Sasa kilobaiti nayo ina lumbesa yake. Kuna ya baiti 1,000 na kuna ya baiti 1,024, na zote watu wanaziita jina moja.

Ilikuwaje? Neno lenyewe baiti lilibuniwa IBM mwaka 1956 na Werner Buchholz, na mashine za IBM System/360 za mwaka 1964 ndizo zilizofanya baiti ya biti 8 izoeleke duniani. Kumbukumbu ya kompyuta hukua kwa kuzidisha mbili: 2, 4, 8, 16, unaenda mpaka 1,024. Mafundi wakaona 1,024 iko jirani sana na elfu, wakaazima neno "kilo" wakaendelea na kazi. Wakati huo kilemba kilikuwa kidogo, asilimia 2.4 tu. Lakini lumbesa ya kompyuta inakua kadiri gunia linavyokua: kwenye megabaiti ni karibu asilimia 4.9, kwenye gigabaiti karibu 7.4, kwenye terabaiti karibu 10. Mwaka 1998 shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, likatoa majina mapya kwa zile za 1,024: kibibaiti, mebibaiti, gibibaiti. Windows haikuyafuata; ikaendelea kugawa kwa 1,024 huku ikiandika KB na GB. Apple wakaruka upande wa pili mwaka 2009 na Mac OS X 10.6, wakaanza kuhesabu kwa 1,000. Linux ni mji wa watu wengi, kila mtu na mizani yake: dirisha langu la mafaili linahesabu kwa 1,000, lakini amri ya ls -lh kwenye mashine hiyo hiyo inahesabu kwa 1,024.

Kwetu Tanzania hili limetukaa vibaya zaidi, na nadhani historia yetu ina mchango. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Hazina mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta bila kibali, na kamba ikaja kulegezwa miaka ya 1980. Kwa hiyo zile vurugu za mwanzo za kompyuta ndogo zilipita wengi wetu hatupo. Tulipoingia tukakuta DOS na Windows zimetamalaki, mizani ya 1,024 tukaidhania ndiyo mizani ya Mungu. Hata Jambo OpenOffice ya Kiswahili, iliyotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, wengi waliikuta ndani ya Windows. Na kabla ya waya wa SEACOM kufika Dar mwaka 2009, intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti, polepole na kwa bei mbaya. Waliosoma enzi hizo wanajua: kabla hujaambatisha kitu kwenye barua pepe unaangalia kwanza ukubwa, maana pale kafe dakika ni hela.

Sasa turudi sebuleni. Dawa ni kuachana na gigabaiti na kuuliza baiti. Baiti haina lumbesa. Kwenye Windows unafungua sifa za faili, namba ndefu iko kwenye mabano. Kwenye Mac ni hivyo hivyo, fungua dirisha la taarifa za faili. Kwenye Linux ni ls -l bila ile h. Tukasoma kwa sauti mmoja mmoja, kama tunahesabu kura: 3,865,470,566. Mashine zote tatu. Mjomba akacheka, akasema kumbe mama yuko mzima.

Binamu akauliza swali zuri: mbona imejibu papo hapo? Video ni kubwa hivyo, imeisoma saa ngapi? Jibu ni kwamba haijaisoma. Fikirieni karani wa kituo cha majani ya chai. Mkulima akimwuliza "jana nilileta kilo ngapi?" karani hapimi upya, anafungua daftari. Mifumo endeshi nayo ina madaftari, ila kila mmoja unaandika kivyake, na hapo ndipo historia inapokolea.

CP/M ya Gary Kildall, ya mwaka 1974, daftari lake lilikuwa la makadirio. Ilihesabu ukubwa kwa mafungu ya baiti 128, saizi ya fungu moja kwenye diski laini za IBM. Andika barua ya baiti 130, daftari linasema mafungu mawili, yaani 256. Mwisho halisi wa maandishi uliwekewa alama maalumu ndani ya faili, kwa hiyo ukitaka ukubwa kamili ilibidi kweli uingie ndani usome mpaka uikute. Unix ya Ken Thompson na Dennis Ritchie ilishalimaliza hilo mapema: kwenye kitabu chake cha maelekezo cha 1971 tayari kuna stat, inayokupa ukubwa kwa baiti bila kufungua faili. Lakini Unix iliweka jina kwenye folda, na uzito kwenye kadi nyingine inayoitwa inode. DOS ya 1981 ikaandika jina na ukubwa kwenye mstari mmoja, baiti nne kwa ajili ya ukubwa. Baiti nne haziwezi kuandika namba zaidi ya 4,294,967,295, ndiyo maana mpaka leo flashi ya FAT32 inakataa faili la gigabaiti 4 hata kama ina nafasi kibao. Bibi aliponea chupuchupu.

Tofauti hiyo ya madaftari bado iko hai. Ukiiomba Windows orodha ya folda, ukubwa unakuja pamoja na majina, safari moja. Linux inakupa majina, halafu ukubwa unaufuata kwa kila faili, kadi kwa kadi. Zamani programu za Python zilikuwa zinakwenda kadi kwa kadi kila mahali, hata kwenye Windows ambako karani ameshazisoma zote kwa sauti. Python 3.5 ya mwaka 2015 ikaleta os.scandir inayotumia kile ambacho mfumo umeshakupa. Waliopendekeza walipima: kuzunguka ndani ya mafolda kukawa kasi mara 8 hadi 9 kwenye Windows, na mara 2 hadi 3 kwenye jamii ya Unix. Somo ni lile lile la mtaani, usimwulize mtu jambo alilokwisha kukwambia.

Nilidhani stori imeisha. Mama akaomba aione kwenye flashi yake kabla mjomba hajafuta. Ukubwa: 3,865,470,566, safi kabisa. Tukacheza. Dakika ya kumi na moja bibi akaganda, mdomo wazi, na hakuendelea tena. Nikakumbuka: umeme ulikatika tukiwa katikati ya kunakili, laptopu ya mjomba ikazima, na iliporudi nikaona faili lipo na ukubwa wake, nikajua tayari. Programu ya kunakili inaweza kutenga nafasi yote kwanza, ikaandika ukubwa kwenye daftari, ndipo ianze kumimina. Gunia limeshaandikwa kilo mia, ndani kuna nusu.

Kwa hiyo tukafanya kazi ya pili, ile ya kusoma faili zima kupata alama yake ya sha256. Linux ni sha256sum, Mac ni shasum -a 256, Windows ni certutil. Inachukua muda, ndiyo maana unaanza na ukubwa: ukitofautiana, huna haja ya kusoma, umeshajua. Ukilingana, bado hujajua. Laptopu tatu zikatoa alama moja, flashi peke yake ikatoa yake. Nikaifuta ile ya flashi, nikanakili upya, nikapima tena.

Ndipo nikamwambia mjomba afute. Hakufuta. Aliomba tuicheze mpaka mwisho kwanza, na tukakaa, mvua inapiga bati, bibi anaongea.

Haya wadau, kesho nina kipindi saa moja asubuhi.