Kabla hujakata springi: historia fupi ya magari yanayolala chini

Najua nimeadimika hapa kijiweni, kazi za chumba cha habari ndivyo zilivyo. Leo siasa tuiweke kando kidogo, naomba tuzungumzie springi. Usicheke, kuna sababu.

Juma lililopita jamaa yangu tuliyesoma naye chuo alinipigia simu akiwa gereji. Ana Corolla 110 anayoipenda kuliko chakula, na anataka ilale chini. Fundi keshamwambia hakuna haja ya kununua springi fupi. Anakata mzunguko mmoja kwa grinda, nusu saa kazi imekwisha, malipo hela ya soda. Jamaa akaniuliza, "Kaka, wewe mwandishi unajua mambo. Nikate nisikate?"

Mimi si fundi. Ila miaka michache iliyopita nilipewa lifti kwenye gari lililokatwa springi. Tulivuka tuta kwa kasi kidogo, gurudumu likaning'inia hewani, springi ya mbele ikachomoka kwenye kikalio chake. Gari likavuta kushoto, tukaishia mtaroni. Hakuna aliyeumia, tulichafuka tu. Lakini tangu siku ile nikawa nauliza: hivi nani alianza haya mambo ya kushusha magari, na alikuwa anatafuta nini?

Majibu yakanipeleka mbali, hadi Los Angeles, Marekani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana wenye asili ya Mexico wa mashariki ya jiji lile walikuwa wananunua Chevrolet zilizotumika, maana ndizo walizozimudu. Vijana wa Kizungu walikuwa wanainua magari yao nyuma na kushindana mbio. Hawa wakafanya kinyume. Wakashusha gari hadi karibu ligusane na lami, wakaling'arisha, wakatembea taratibu barabara ya Whittier Boulevard ili kila mtu awaone. Kumbuka kwamba Juni 1943 wanajeshi na mabaharia walikuwa wamewapiga vijana wa jamii hiyohiyo mitaani na kuwavua nguo, kosa lao likiwa ni kuvaa suti pana. Mtu aliyeambiwa asionekane, akatengeneza gari ambalo huwezi kuacha kuliangalia.

Mbinu zao za mwanzo zingekuchekesha. Walijaza mifuko ya mchanga kwenye buti. Wengine walikata springi, kama anavyotaka kufanya fundi wa rafiki yangu. Kwa hiyo ndugu yangu, hiyo teknolojia ya grinda tunayoiona ya kisasa ina zaidi ya miaka 70.

Serikali ya California haikufurahi. Kuanzia tarehe 1 Januari 1958 ikawa marufuku kuendesha gari lililofanyiwa marekebisho hadi sehemu yoyote ya bodi ikawa chini zaidi ya ukingo wa chini wa rimu. Polisi wakapata kazi. Hapo ndipo anapoingia Ron Aguirre, kijana wa San Bernardino aliyechoshwa na faini. Akisaidiana na baba yake, mwishoni mwa miaka ya 1950 alifunga pampu za haidroliki zilizotoka kwenye ndege katika Corvette yake. Akimwona askari, anabonyeza, gari linapanda. Askari akishapita, linashuka. Zile gari zinazorukaruka kwenye video za muziki, ukoo wake unaanzia hapo. Na sheria yenyewe? Ilidumu miongo mingi. California iliiondoa kwa muswada uliosainiwa Oktoba 2023 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2024.

Hiyo ni historia ya kushusha. Sasa kuna historia ya kile kinachoshushwa, na hapa ndipo wengi tunapotea.

Fungua tairi la mbele la Corolla utaona shokapu imesimama wima, springi imeizunguka, juu imefungwa kwenye bodi, chini imeshika gurudumu. Kitu kizima hicho kinaitwa struti, na kinabeba jina la Earle MacPherson, mhandisi wa Marekani aliyezaliwa 1891. Mwaka 1945 alikuwa General Motors, akiongoza kazi ya kubuni gari dogo lililoitwa Chevrolet Cadet, ambalo lilitakiwa kuuzwa chini ya dola 1,000. Gari la bei hiyo halivumilii vyuma vingi. MacPherson akaunganisha kazi tatu mahali pamoja: shokapu itulize mtikisiko, ibebe springi, na wakati huohuo iwe nguzo ya kushikilia gurudumu. Chini ukabaki mkono mmoja tu.

Mwaka 1947 mradi ukafutwa na gari halikuingia sokoni. Mzee akahamia Ford, na wazo lake likaenda naye. Likatokea kwenye Consul na Zephyr za Uingereza zilizoonyeshwa London mwaka 1950. Na usidhani habari hizo hazituhusu. Mwaka 1955 Zephyr ilishinda Coronation Safari, mashindano yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ikiendeshwa na Vic Preston na D.P. Marwaha. Ukiona mtu anasema struti ni za lami tu, mkumbushe vumbi na tope la mwaka ule. Toyota nao wakaiweka kwenye Corolla ya kwanza kabisa, ya 1966.

Wajapani pia walipata ugonjwa wa kushusha, kuanzia miaka ya 1970, wakauita shakotan, yaani gari lenye kimo kifupi. Ila kule kuna ukaguzi mkali, na chini ya gari lazima ibaki nafasi ya angalau sentimita 9. Basi viwanda vyao vikajifunza kutengeneza springi fupi zinazokubalika kisheria. Magari yetu mengi yanatoka huko yakiwa yametumika, na baadhi hufika bandarini yakiwa yameshushwa tayari. Ndiyo maana mtu ananunua gari, halafu anashangaa mbona linagusa kila tuta.

Turudi kwa rafiki yangu. Nilimweleza hivi kwa simu, na naandika hapa kwa faida ya wengine.

Kwanza, springi ikikatwa haiwi fupi tu, inakuwa ngumu. Ikiwa ilikuwa na mizunguko 6 inayofanya kazi ukaacha 5, ugumu unaongezeka kwa asilimia 20. Ncha uliyokata nayo haikai sawasawa kwenye kikalio, na gurudumu likining'inia springi inabaki inacheza. Hapo ndipo mimi nilipokutana na mtaro. Springi iliyotengenezwa fupi tangu kiwandani imepigiwa hesabu ili ibaki imebanwa hata gari likiwa juu ya jeki, na mara nyingi mizunguko ya upande mmoja inasogeleana ili iwe laini mwanzoni na ngumu mzigo ukizidi.

Pili, usinunue springi ukasahau shokapu. Ile iliyokuja na gari ilipangiwa springi laini na ndefu. Ukiipa fupi na ngumu, haina nguvu ya kuirudisha taratibu, gari linadundadunda kama mpira. Isitoshe inafanya kazi karibu na mwisho wa safari yake, inagonga raba ya kikomo kila shimo. Shokapu iliyochoka ndiyo itakufa haraka zaidi. Vinunue pamoja, vilingane.

Tatu, usishushe kwa tamaa. Milimita 25 hadi 40 zinatosha kubadilisha sura ya gari. Ukizidisha, ule mkono mmoja wa chini aliotuachia MacPherson unaanza kuelekea juu, na gari linaweza kulala zaidi kwenye kona ingawa lipo chini. Unakuwa umepata sura ya gari la mashindano na tabia ya lori la mchanga. Ukimaliza kufunga, peleka alaimenti siku hiyohiyo, la sivyo tairi zitaliwa upande mmoja.

Jamaa akanyamaza, kisha akasema pesa aliyonayo inatosha springi peke yake au shokapu peke yake, haitoshi vyote. Nikamuuliza zilizopo zina hali gani. Akaniambia ya mbele kushoto inavuja mafuta tangu Pasaka. Na gari hilo ndilo linalompeleka mwanae shule kila asubuhi.

Wale vijana wa Whittier Boulevard walitaka kuonekana, siwalaumu, na yeye simlaumu. Tukiwa watu wa mjini wote tunataka kuonekana kidogo. Lakini walitembea mwendo wa mtu anayetafuta maegesho, na yeye anakimbizana na daladala.

Jana kanitumia picha. Shokapu mpya nne, springi zake za zamani zipo palepale, Corolla imesimama juu kama ilivyozaliwa. Chini ya picha kaandika, "Springi mwisho wa mwaka." Fundi wa grinda, anasema, hajamsalimia tangu siku ile.

Wewe gari lako lilishushwa vipi? Tuambizane.