Waliolala Nyumbani Usiku Ule

Hebu niambie: karani wa sensa akibisha hodi kwenu leo, ataandika majina mangapi? Na ukiulizwa familia yenu ni watu wangapi, utasema wangapi? Kwetu sisi namba hizo mbili hazikaribiani hata kidogo.

Ndiyo maana nimevutiwa na akina Carlyle, wakulima wa Dumfriesshire, kusini mwa Uskoti. Baba, James, alikuwa mwashi kabla ya kuingia kwenye kilimo mwaka 1815. Mwaka 1826 walihamia shamba la kukodi liitwalo Scotsbrig. Mzee alifariki 1832, na mwanawe, James vilevile, akabaki kulilima.

Sensa ya 1841 iliandika waliolala nyumbani usiku wa Juni 6, basi. Kanuni ilikuwa kwamba umri wa aliyevuka miaka 15 unashushwa hadi tano iliyo chini yake, kwa hiyo mtu wa miaka 69 aliandikwa 65. Nani ni mama wa nani, haikuulizwa. Sensa ya 1851 ndiyo iliyoleta umri kamili na uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya. Mjane anayekaa kwa mwanawe sasa alionekana waziwazi kuwa ni mama.

Lakini mama gani? Hapo daftari linanyamaza.

Margaret Aitken, mke wa mzee James, alijua kusoma, ila kuandika kulimshinda. Mwaka 1809 mwanawe Thomas, hajatimiza hata miaka 14, alikwenda Edinburgh kusoma chuo kikuu. Alikwenda kwa miguu, zaidi ya kilomita 100. Nyumbani walimtumia unga wa uji na siagi kwa mkokoteni wa mizigo. Naye alirudisha nguo chafu zifuliwe na kushonwa. Zikaja pia barua, na Margaret akajifundisha kuandika ukubwani ili amjibu mtoto wake. Sensa za Uskoti wakati huo hazikuuliza kama mtu anajua kuandika.

Watoto walizidi kutawanyika. Thomas alihamia London 1834. Alexander akaenda Kanada 1843, na dada yao Janet akafuata 1851. Kwa karani anayehesabu Scotsbrig, hao hawapo. Kwa Margaret walikuwepo mpaka alipofariki, Desemba 1853.

Nisiwafiche jambo moja. Thomas alikuja kuwa mwandishi maarufu sana, na mwaka 1849 alichapisha makala ya kuwadhalilisha watu weusi wa visiwa vya Karibi. Sisomi habari za nyumba hii ili nimsifu yeye. Ninamsoma mama aliyeshika kalamu akiwa mtu mzima, kwa sababu mtoto yuko mbali.

Si unamjua mtu kama huyo? Bibi aliyejifunza kutuma ujumbe wa sauti uzeeni. Shangazi anayefunga mchele na viungo kila akisikia kuna mtu anasafiri. Wanaishikilia nyumba pamoja, na hakuna fomu inayowauliza kitu.

Basi wiki hii chukua karatasi. Andika kaya yenu jinsi mnavyoishi kweli: nani yuko wapi, nani humpigia nani, nani hutuma nini. Tarehe usisahau. Kisha mpigie bibi akusahihishe, maana lazima kuna mtu umemruka.