Kiti cha kwanza baada ya kukimbia: historia ya vyombo vya mbao tulivyojitengenezea Kivu

Goma – Mnamo Februari 2025, wakati kambi za pembeni mwa Goma zilipobomolewa na familia zikaanza safari ya kurudi makwao, nilisimama kando ya barabara ya Sake nikiangalia mizigo ikipita. Sufuria, bidoni, magodoro yaliyokunjwa, maturubai yenye matundu. Juu ya chukudu moja, katikati ya mizigo, kulikuwa na kigoda kidogo cha mbao chenye rangi mbili, kwa sababu vipande vyake vilitoka kwenye miti tofauti.

Mwenye kigoda alikuwa mama mmoja wa Masisi. Nilimuuliza kwa nini anabeba kitu kizito namna ile wakati mguu wa kwenda bado ni mrefu. Akacheka kidogo. "Kitanda alichoniachia marehemu bwana yangu kilibaki nyumbani, na sijui kama bado kipo. Hiki nilikipigilia mwenyewe kambini. Watoto walikuwa wanakaa juu ya mawe. Siwezi kukiacha."

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: mama yule, ambaye hakusomea useremala, alijifunza wapi? Jibu ni historia ndefu, na inafaa kusimuliwa leo, wakati wengi wanarudi kwenye nyumba ambazo hazina hata kiti.

Mti mmoja, kiti kimoja

Zamani katika maeneo yetu kiti kilichongwa. Fundi alichukua kipande kimoja cha gogo, akakipunguza kwa shoka, akakitengeneza kwa tezo, akamalizia kwa kisu. Ili kukilainisha alitumia majani makavu ya mti wenye jina linalojulikana na kila fundi hata leo: msasa. Karatasi ya kusugulia mbao tunayonunua dukani ilirithi jina la mti huo.

Viti vingine vilikuwa na heshima kubwa. Kwa Walega wa Mwenga, Shabunda na Pangi, kigoda kiitwacho kisumbi kilihusiana na daraja za chama cha bwami, na hakikukaliwa ovyo ovyo. Kwa Waluba, kiti cha mfalme kilichongwa kama mwanamke anayebeba kikalio juu ya kichwa chake na mikono yake. Kazi ya fundi mmoja wa kale, anayejulikana kwa jina la kijiji cha Buli, inatunzwa leo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York.

Lakini watu wa kawaida hawakungojea fundi mkubwa. Kigoda cha jikoni kilichongwa na baba wa nyumba, au kijana aliyekuwa na mkono mzuri. Kitanda kilikuwa rahisi zaidi: vigingi vinne vyenye uma vikachimbiwa ndani ya ardhi, fito zikalazwa juu, zikafungwa kwa kamba za maganda, mkeka ukatandikwa. Hakukuwa na msumari hata mmoja. Kitanda hicho hakikuhamishwa, lakini hakikuwa hasara kubwa pia: ukihama, unakata fito nyingine unakofika.

Maneno yanasimulia safari

Mabadiliko yalikuja na njia za biashara. Kufikia mwaka 1860 hivi, wafanyabiashara kutoka pwani ya Bahari ya Hindi walikuwa wamefika Nyangwe, kwenye mto Lualaba, na baadaye Kasongo ikawa kituo chao kikubwa. Biashara yao ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watumwa, na machozi yake hayajasahauliwa Maniema. Katika njia hizo hizo lugha hii tunayoongea ilifika, ikiwa na majina ya vifaa ndani yake.

Sikiliza maneno ya fundi wa mbao. Kiti na kitanda ni maneno ya Kibantu, ya kale. Msumari umetoka Uarabuni. Randa ina asili ya Kiajemi. Meza ilitoka kwa Wareno waliofika pwani kwa jahazi. Kabati ni neno la Waingereza. Kisha sisi wa Kongo tukaongeza ya Wafaransa na Wabelgiji: shevroni, triplex, kole, verni. Fundi wa Birere akiomba msaidizi wake ampe vifaa, ndani ya dakika moja amezungumza lugha sita bila kujua.

Msumari na msumeno vilibadilisha kazi yenyewe. Sasa mti haukuchongwa tena kuwa kiti kimoja, ulipasuliwa kuwa mbao. Watu wawili walishika msumeno mrefu, mmoja juu ya gogo na mwingine chini shimoni akila vumbi, wakasukumana kutwa nzima. Kutoka gogo moja zilitoka mbao nyingi, na kutoka mbao kikatoka chombo chenye miguu, mgongo na viungo, ambacho ukivunja kipande kimoja unaweza kukibadilisha bila kutupa kingine.

Meza iliyokaguliwa

Misheni zilieneza ufundi huo. Mpala, kwenye ufuko wa ziwa Tanganyika, ilijengwa mwaka 1883 kama kituo cha Wazungu, na mwaka 1885 ikapewa Mapadri Weupe. Huko na katika misheni nyingine zilizofuata, vijana walifundishwa kupiga matofali na kufanya useremala. Waliorudi vijijini walirudi na ujuzi wa kuunganisha mbao, na majirani wakajifunza kwa kuangalia.

Lakini ukoloni ulileta jambo lingine pia, ambalo wazee wengine hawapendi kulikumbuka. Mwaka 1948 serikali ya Ubelgiji ilianzisha kadi ya ustahili wa kiraia, na mwaka 1952 ikaweka utaratibu wa kuwaandikisha Wakongo wachache kama watu walio karibu na Wazungu kwa sheria. Ili kukubaliwa, mtu alichunguzwa mpaka nyumbani kwake. Wakaguzi waliingia ndani, wakaangalia vyumba, vyombo, jinsi familia inavyokula, kama kuna meza na kama watu wanaikalia. Kiti kikawa mtihani.

Nadhani hapo ndipo aibu moja ilipoanza, ambayo bado iko kwetu. Tulianza kuamini kwamba kitu cha kununuliwa ni cha mtu aliyeendelea, na kitu cha kujitengenezea ni cha maskini. Kijana wa leo anaweza kukaa chini miaka miwili akingojea pesa za viti vya sebuleni, wakati mbao za kufanya benchi zimelala nyuma ya nyumba.

Mbao juu ya mawe ya moto

Goma ilifundishwa tena na mlima. Nyiragongo ulitapika moto mwaka 1977, kisha tarehe 17 Januari 2002, kisha tarehe 22 Mei 2021. Ule wa 2002 ulipita katikati ya mji, ukafunika karibu sehemu moja ya nane ya mji na kuacha watu kama 120,000 bila nyumba. Anayekumbuka siku zile anakumbuka pia yaliyofuata: kabla mawe hayajapoa vizuri, watu walikuwa wanapima viwanja juu yake. Hakuna aliyeweza kuchimba msingi ndani ya jiwe lile kwa haraka. Kwa hiyo nyumba zilipanda kwa mbao.

Wakati huo kila kartiye ilisikika nyundo. Mtu aliyepigilia ukuta wake mwenyewe, jioni alikuwa na vipande vilivyobaki, na vipande hivyo vikawa meza, rafu ya sahani, kitanda cha watoto. Hakuna aliyewaita maseremala. Walikuwa walimu, wauza samaki, madereva, akina mama.

Na chukudu yetu, ambayo ina sanamu yake katikati ya mji, ni ndugu wa vyombo hivyo. Ni mbao, misumari, na mpira wa tairi la zamani uliozungushwa kwenye gurudumu. Haina karatasi ya vipimo. Mtengenezaji anaangalia ya mwenzake, anaikopi, anarekebisha alipoona imevunjika. Hiyo ndiyo shule ya mtu asiyesomea.

Kuna upande mwingine wa kusema ukweli. Mbao hizi zinatoka mahali. Mwaka 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walipofika kwetu, msitu wa Hifadhi ya Virunga ulikatwa kwa kasi kubwa kwa ajili ya kuni, na vita vilivyofuata havikuupumzisha. Miti iliyopandwa na wakulima, mikaratusi na grevilea, ndiyo iliyobeba sehemu ya mzigo huo. Mti unaopandwa na mkulima mlimani ukikatwa, unaweza kupandwa tena. Mti wa hifadhi ukikatwa, wajukuu watausikia kwa hadithi tu. Anayetaka kupigilia benchi aulize mbao zimetoka wapi.

Mwitaliano na misumari yake

Si Kivu tu. Mwaka 1974, mjini Milano, Italia, mchoraji wa vyombo vya nyumba aliyeitwa Enzo Mari alifanya jambo lililowashangaza wenzake. Alichora meza, viti, vitanda na makabati ambayo mtu yeyote angeweza kutengeneza kwa mbao za kawaida, nyundo na misumari. Kisha akatoa michoro bure: aliyeitaka alilipia posta tu. Alisema kila mtu anaweza kuitumia, isipokuwa viwanda na wafanyabiashara.

Mari hakuwa anatafuta viti vya bei rahisi. Aliamini kwamba mtu akishapigilia kiti mwenyewe ataelewa kwa nini kinasimama na kwa nini kinayumba, na siku akiingia dukani hatadanganywa na rangi nzuri. Alifariki mwaka 2020.

Sasa sikilizeni sehemu inayotuhusu. Karibu miaka arobaini baadaye, vijana wakimbizi kutoka Afrika Magharibi, waliovuka bahari mpaka kisiwa cha Lampedusa, walikuwa Berlin, Ujerumani, bila ruhusa ya kufanya kazi. Pamoja na watu waliowaunga mkono walifungua karakana iliyoitwa Cucula, na Mari akawakubalia kutengeneza na kuuza viti vya michoro yake. Katika baadhi ya viti waliweka vipande vya mbao za mashua zilizowabeba wakimbizi baharini. Anayekalia kiti kile anakalia sehemu ya safari.

Nilipomsomea habari hiyo mzee mmoja wa hapa Ndosho, aliniambia: "Basi huyo mzungu alijua mambo ya mama wa Masisi."

Kwa anayeanza tena

Nimewauliza mafundi watatu wa Goma mtu asiye na ujuzi aanze na nini. Wote walijibu: benchi. Ubao mmoja mpana wa kukalia, mbao mbili fupi za miguu zenye urefu wa sentimita 40 hivi, na ubao mmoja wa kuunganisha miguu chini ya kikalio. Yafuatayo ni waliyosisitiza.

Usitumie mbao mbichi ukiweza kungoja. Mkaratusi mbichi ukikauka unajipinda na kupasuka. Panga mbao kivulini, weka vijiti katikati ya kila ubao na mwenzake ili hewa ipite, juu weka mawe.

Usipigilie msumari karibu sana na ncha ya ubao, utapasua. Kabla ya kupigilia, gonga ncha ya msumari kidogo mpaka iwe butu. Msumari butu unasukuma njia yake bila kupanua ufa. Kama mti ni mgumu sana, toboa kwanza kwa chuma kilichopashwa moto, kama walivyofanya wazee.

Kama kinayumba, usiongeze misumari. Weka kipande cha ubao kwa mshazari, kutoka mguu mmoja kwenda juu ya mwingine. Pembetatu haiyumbi. Angalia paa lolote lililojengwa vizuri utaiona humo.

Na misumari ya zamani inanyooshwa juu ya jiwe. Kwa jiwe, Goma hatujakosa.

Hatusemi hivi ili fundi akose kazi. Mlango, dirisha na kabati vinataka mkono wa mtu aliyesomea, naye anastahili kulipwa. Lakini kigoda cha kumkalisha mgeni, au kitanda cha kumwinua mtoto kutoka kwenye ardhi yenye baridi, hivi babu zetu hawakungojea mtu awaletee.

Wiki chache baada ya siku ile ya barabarani, nilimpata mama wa Masisi kwa simu. Walifika. Nyumba iko, lakini mlango uliondolewa, na kitanda cha marehemu hakikuonekana. Jirani anafikiri kilichomwa kama kuni na waliolala mle. Nilinyamaza, sikujua la kumwambia.

"Kigoda kipo," akasema. "Watoto wanakikalia kwa zamu." Kisha akaniuliza kama Goma bei ya misumari ya inchi tatu imeshuka, kwa sababu jirani amempa mbao nne na anataka kuanza kitanda.