Simutowe, Amon

Amon Simutowe (alizaliwa Ndola, Zambia, 6 Januari 1982) ni mchezaji wa sataranji, na ndiye wa kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kupewa cheo cha Bingwa Mkuu, kilicho kikubwa kuliko vyeo vyote vya Shirikisho la Sataranji Duniani (FIDE). Mwenye cheo hicho hubaki nacho maisha yake yote, hata akiacha kucheza. Simutowe alikipata mwaka 2009. Jina lake la utani ni Papa wa Zambezi.

Ndola si mji mgeni masikioni mwa watu wa wilaya ya Rungwe, kusini magharibi mwa Tanzania. Tangu enzi za ukoloni vijana wa Kinyakyusa walitoka Tukuyu, wakapitia Mbeya na Tunduma, wakaingia Kopabeti, uliko mji huo, kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba. Wengine walifika mbali zaidi, kwenye dhahabu ya Afrika Kusini, safari ambayo wazee huiita Wenela. Hata majina yanayoanza na Si-, kama hili lake, yamejaa pande zote mbili za mpaka wa Tunduma. Simutowe hakwenda kuchimba shaba wala dhahabu. Lakini naye aliondoka kwao kwa sababu ambayo wasafiri wale wangeielewa mara moja: kazi aliyoiweza haikuwa na pa kukamilikia nyumbani.

Sataranji alifundishwa na kaka yake akiwa na umri wa miaka kama 10. Mchezo huu, ambao jina lake tumelirithi kwa Waarabu, haujaenea kwetu sana. Vijiweni Tukuyu utakuta drafti, kete zake vizibo vya soda. Zambia ilikuwa na wachezaji wengi zaidi, na kijana huyu aliwapita wote upesi. Mwaka 2000, kwenye mashindano ya vijana ya dunia huko Yerevan, Armenia, alimaliza wa pili, nyuma ya Lázaro Bruzón wa Cuba. Nchi zenye shule za sataranji na walimu wa kulipwa zilimkuta mbele yao kijana wa Ndola. Kwa maoni ya mwandishi huyu, matokeo hayo ni makubwa kuliko hata cheo kilichofuata.

Kwa nini basi cheo kilichelewa miaka 9? Jibu limo ndani ya kanuni. Anayekitaka lazima afikishe alama 2500 katika vipimo vya uwezo vya FIDE, na kabla ya hapo au baadaye atimize vigezo katika mashindano ambayo michezo yake kwa jumla haipungui 27. Kigezo kimoja hutimizwa kwa kucheza kwa ubora wa alama 2600. Tuseme mashindano yana raundi 9 na wapinzani wana wastani wa alama 2434: utahitaji pointi 6.5, kwa mfano ushindi mara 5, sare 3, na kupoteza mchezo mmoja tu. Lakini kanuni haziishii kwenye pointi. Katika wapinzani hao 9, angalau 3 wawe tayari ni Mabingwa Wakuu, na kwa kawaida watoke katika mataifa mbalimbali. Nchi isiyo na Bingwa Mkuu hata mmoja itawapata wapi, kama si kuwalipia tiketi na hoteli? Ni rahisi zaidi mchezaji awafuate waliko.

Simutowe aliwafuata. Alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Texas huko Dallas, Marekani, ambacho hutoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji hodari wa sataranji, akasoma uchumi na fedha huku akiichezea timu ya chuo. Kigezo chake cha mwisho alikipatia Arnhem, Uholanzi, mwaka 2007, katika mashindano ya Euwe Stimulans, ambayo aliyashinda. Alama 2500 zilikuja baadaye, na ndipo FIDE ikamthibitisha. Masomo hakuyaacha: alikwenda Oxford, Uingereza, kusomea uchumi wa maendeleo.

Weusi waliomtangulia kwenye cheo hiki ni wawili, na wote wawili walikulia ugenini: Maurice Ashley, mzaliwa wa Jamaika aliyehamia New York akiwa mtoto, na Pontus Carlsson, aliyezaliwa Kolombia akalelewa Sweden. Mchezaji wa sataranji Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, ambaye maisha yake yalitengenezewa filamu mwaka 2016, naye alikwenda kusoma Marekani mwaka uliofuata. Njia mojawapo ya kukwepa hesabu ya vigezo bila kutoka barani ni kuwa bingwa wa Afrika, kwa maana mshindi wake hupewa cheo moja kwa moja. Kenny Solomon wa Afrika Kusini aliipita njia hiyo Windhoek mwaka 2014, na hata yeye wakati huo alikuwa akiishi Italia.

Wachezaji wengi waliohama hubadili bendera, kwa kuwa shirikisho la ugenini huwa na fedha na nafasi zaidi. Simutowe hakubadili. Katika orodha za FIDE, miaka yote ya Dallas na Oxford, jina lake liliandikwa chini ya Zambia.