Kujiamini kazini

Kujiamini kazini ni hali ya mfanyakazi kuwa na imani kwamba anaweza kutimiza majukumu yake, kutoa maoni, kuuliza asichokijua na kupokea kazi mpya bila kuzuiwa na hofu. Kinyume chake ni kujitilia shaka, yaani mtu kuudharau uwezo wake hata pale ambapo kazi aliyokwisha kuifanya inaonyesha kwamba anao.

Makala hii inaeleza chanzo cha hali hizo mbili na namna ya kujenga kujiamini, kwa mifano kutoka Tanzania, hasa mkoa wa Simiyu ambao makao makuu yake yako Bariadi.

Maana

Kujiamini ni tofauti na majivuno. Mwenye majivuno hujiona anajua kila kitu, lakini anayejiamini anajua anachokiweza na haoni aibu kuuliza asichokiweza. Pia kujiamini hutofautiana kutoka kazi moja hadi nyingine: muuguzi anaweza kuchoma sindano bila wasiwasi wowote, lakini akaogopa kuzungumza kwenye kikao cha watumishi.

Si kila shaka ni mbaya. Muuguzi asiye na uhakika wa kipimo cha dawa anapaswa kusimama na kuuliza. Shaka ya namna hiyo huokoa maisha. Mwaka 1999 wanasaikolojia wa Marekani David Dunning na Justin Kruger walionyesha kwamba watu wenye ujuzi mdogo katika jambo fulani mara nyingi hujikadiria kupita uwezo wao. Shaka inayodhuru ni ile isiyoondoka hata baada ya mtu kuuliza, kujifunza na kufanya kazi vizuri.

Utafiti

Mwanasaikolojia Albert Bandura (1925–2021), aliyezaliwa Kanada na kufanya kazi Marekani, alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hutokana na vyanzo vinne:

1. Kufanya jambo na kufanikiwa. Hiki ndicho chanzo chenye nguvu kuliko vyote.
2. Kumwona mtu wa hali kama yako akifanikiwa.
3. Kutiwa moyo na mtu unayemwamini.
4. Hali ya mwili na hisia. Mtu aliyechoka au ambaye moyo unamwenda mbio huweza kudhani kwamba hawezi kazi, kumbe ni uchovu au hofu tu.

Mwaka 1978 Pauline Clance na Suzanne Imes, nao wa Marekani, waliandika juu ya wanawake waliofaulu sana katika masomo na kazi, lakini waliamini kwamba mafanikio yao ni bahati na kwamba siku moja watagundulika kuwa hawastahili. Baadaye ilibainika kwamba hali hiyo huwapata wanaume pia.

Sababu za kujitilia shaka

Mtu huweza kujitilia shaka kwa sababu ya kuanza kazi mpya, kupandishwa cheo, kuhamishiwa mbali na nyumbani, kukaripiwa mbele ya wenzake au kulelewa katika mazingira ambamo mtoto hakuruhusiwa kusema mbele ya wakubwa. Wanawake wengi huongezewa mzigo na wale wanaotilia shaka uwezo wao kwa sababu ya jinsia. Samia Suluhu Hassan, aliyeapishwa tarehe 19 Machi 2021 kuwa mwanamke wa kwanza kushika urais wa Tanzania, aliwajibu hadharani watu waliokuwa na shaka kama mwanamke ataiweza kazi hiyo.

Sababu nyingine kubwa nchini Tanzania ni lugha. Watoto wengi wa vijijini Simiyu huanza maisha kwa Kisukuma, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha hufundishwa sekondari kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyekuwa akijibu maswali darasa la saba huweza kunyamaza kidato cha kwanza, si kwa kukosa jibu bali kwa kuogopa kuchekwa. Ukimya huo humfuata mpaka kwenye usaili wa kazi. Ni muhimu kutenganisha mambo hayo mawili: anayesitasita kwa Kiingereza amepungukiwa mazoezi ya lugha, na hilo halithibitishi kwamba hana ujuzi wa kazi yake.

Vilevile, wakati mwingine anayeonekana hajiamini amenyimwa tu mafunzo au vifaa. Mtu wa namna hiyo hasaidiwi kwa kuambiwa ajiamini. Husaidiwa kwa kufundishwa na kupewa vifaa.

Mifano ya Simiyu

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 ukiwa na wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Wakazi wake wengi ni Wasukuma, na pamba ni zao lake kuu la biashara.

Katika utamaduni wa Wasukuma, kulima kwa vikundi kulikuwa shule ya kujiamini. Wakulima walilima pamoja kwa kufuata ngoma na nyimbo, na kutokana na kazi hiyo ilikuja ngoma ya jembe iitwayo bugobogobo. Kijana aliyeanza kulima hakuachwa peke yake. Aliona wenzake wanavyofanya, akafuata mwendo wao na kusifiwa alipofanya vizuri. Vyanzo vya Bandura viliweza hivyo kukutana katika shamba moja, miaka mingi kabla hajaviandika.

Mfano wa karibuni ni chaki za Maswa. Vijana wa wilaya hiyo walianza kutengeneza chaki, zikatumika katika shule za mkoa. Mtengenezaji anayeona bidhaa yake ikiandikiwa ubaoni kila siku ana ushahidi wa uwezo wake kuliko maneno ya kumtia moyo. Kwa namna hiyohiyo, maonyesho ya kitaifa ya Nanenane yaliyofanyika Nyakabindi, Bariadi, mwaka 2018 na miaka miwili iliyofuata, yaliwapa wakulima na wajasiriamali wa mkoa nafasi ya kueleza kazi zao mbele ya wageni.

Njia za kujenga kujiamini

Kwa kuwa chanzo kikuu ni kufanya na kufanikiwa, njia bora huanza na kazi yenyewe. Mwalimu mpya ni mfano mzuri:

- Kujiandaa. Mwenye andalio la somo aliloliandika mwenyewe huingia darasani na hofu ndogo kuliko anayekwenda kubahatisha.
- Kuanza na kidogo. Anayeogopa kuzungumza kwenye kikao aanze kwa kuuliza swali moja, kisha kikao kinachofuata atoe taarifa fupi. Haba na haba hujaza kibaba.
- Kuweka kumbukumbu. Daftari la kazi zilizokamilika humsaidia mtu kuipima shaka yake kwa ushahidi.
- Kumtazama mwenzake. Ni afadhali kuingia katika darasa la mwalimu aliyemtangulia miaka miwili kuliko kujilinganisha na aliyefundisha miaka thelathini.
- Kuomba kusahihishwa. Swali "Nirekebishe nini?" huleta msaada zaidi kuliko "Nimefanya vizuri?"
- Kulitazama kosa kama kosa. Somo moja lililoharibika halina maana kwamba mwalimu hafai.

Wajibu wa mwajiri

Kujiamini si jukumu la mfanyakazi peke yake. Katika miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson wa Marekani alichunguza timu za wauguzi, akakuta kwamba timu zilizoongozwa vizuri ziliripoti makosa mengi zaidi. Alieleza kuwa watu wa timu hizo hawakuogopa kuyataja. Penye woga makosa hufichwa, na anayeumia ni mgonjwa.

Nchini Tanzania mtumishi mpya wa umma hupitia kipindi cha majaribio cha miezi 12 kabla ya kuthibitishwa. Kipindi hicho kikitumiwa kuelekeza, hujenga. Kikitumiwa kutisha, hubomoa. Mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi, ulioanza kutumika mwaka 2004 na baadaye kufuatiwa na mfumo wa kielektroniki, ulimtaka mtumishi na msimamizi wakubaliane malengo kabla ya kupima matokeo. Aidha, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini. Anayedharauliwa kwa sababu ya jinsia, kabila au ulemavu wake hana tatizo la kujiamini. Ametendewa kosa, na anaweza kulipeleka kwa mwajiri au chama chake cha wafanyakazi.

Shaka inayoambatana na huzuni ya muda mrefu, kukosa usingizi au kukata tamaa ya maisha huweza kuwa dalili ya ugonjwa. Mwenye hali hiyo anapaswa kumwona mtaalamu katika kituo cha afya.

Tazama pia

- Saikolojia
- Elimu nchini Tanzania
- Mkoa wa Simiyu
- Wasukuma